Matokeo ya uchaguzi wa halmashauri za wilaya Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ifikapo wiki ya kwanza ya Mei, Waswahili wenzangu wanaoishi Uingereza huniuliza maswali yale yale. Naruhusiwa kupiga kura? Huyu aliyeshinda kashinda nini? Mbona wanasema hakuna mshindi na kura zimeshahesabiwa? Nimeyakusanya hapa. Ninaposema Uingereza nina maana ya England peke yake, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao. Mfano ninaourudia ni wilaya ya Mid Suffolk, ambayo matokeo yake ya 2023 yanafundisha mengi kuliko maelezo ya kitabuni.

## Mambo ya msingi

Halmashauri ya wilaya inafanya kazi gani?

Sehemu kubwa ya mashamba na miji midogo ya England ina serikali za mitaa za ngazi mbili. Ya juu ni halmashauri ya kaunti, inayoshughulikia shule, barabara, maktaba, na matunzo ya wazee na watoto walio hatarini. Ya chini ni halmashauri ya wilaya. Hiyo ndiyo inayozoa taka mlangoni kwako, inatoa vibali vya ujenzi, inasikiliza asiye na pa kulala, inakagua usafi wa mikahawa na kukusanya kodi ya halmashauri. Zipo halmashauri za wilaya 164, chini ya kaunti 21.

Mkenya asichanganye kaunti hizi na zile za nyumbani: hazina gavana wala seneta. Na ukikaa London, Birmingham au Manchester, hukuti mgawanyo huu. Halmashauri moja hubeba karibu kazi zote.

Madiwani huchaguliwa lini, na kwa muda gani?

Siku ya kawaida ni Alhamisi ya kwanza ya Mei. Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Diwani hukaa miaka minne.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba si kila wilaya hupiga kura kila mwaka. Kuna zinazochagua madiwani wote kwa pamoja kila baada ya miaka minne, kama Mid Suffolk. Kuna zinazochagua theluthi moja kila mwaka kwa miaka mitatu, na mwaka wa nne zinapumzika. Chache huchagua nusu kwa nusu. Kwa hiyo jirani yako wa wilaya ya pili anaweza kuwa na uchaguzi mwaka huu na wewe usiwe nao, wala hakuna aliyekunyima haki.

Mid Suffolk ilitokea nini mwaka 2023?

Mid Suffolk ipo mashariki mwa England, na ndani yake kuna miji midogo ya Stowmarket, Needham Market na Eye. Madiwani ni 34. Ofisi zake ziko Ipswich, nje ya mipaka ya wilaya yenyewe, kwa kuwa inagawana watumishi na wilaya jirani ya Babergh.

Mwaka 2019 chama cha Conservative kilipata viti 16, Green 12, Liberal Democrats 5, na mgombea binafsi 1. Uchaguzi wa tarehe 4 Mei 2023 uligeuza kila kitu: Green 24, Conservative 6, Liberal Democrats 4. Ndiyo halmashauri ya kwanza nchini ambako chama cha Green kilipata wingi kamili wa viti. Mji wa Brighton, Green waliongoza 2011 hadi 2015, lakini kwa viti 23 kati ya 54, yaani kama chama kikubwa kuliko vingine, si chama chenye wingi. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha swali linalofuata.

Chama kikubwa na chama chenye wingi si kitu kimoja?

Si kimoja. Wingi maana yake ni zaidi ya nusu ya viti vyote. Kwenye viti 34, nusu ni 17, basi unahitaji 18. Green wenye 24 wanaweza kupitisha bajeti hata vyama vingine vyote vikipinga. Conservative wa 2019, wenye 16, walikuwa wakubwa kuliko wote lakini walipungukiwa.

Pale ambapo hakuna aliyefikisha zaidi ya nusu, utaona matokeo yakitangazwa kwamba hakuna chama kinachoidhibiti halmashauri. Haina maana kwamba uchaguzi umefeli au utarudiwa. Madiwani wote wameshachaguliwa kihalali, na kilichobaki ni wao kukaa na kuelewana. Wanavyoelewana nimeeleza kwenye swali la nani anakuwa kiongozi.

Kwenye karatasi yangu niliambiwa niweke alama tatu. Kwa nini?

Kwa sababu kata yako ina madiwani watatu. Kata za England zina diwani mmoja, wawili au watatu, na kama viti vyote vinagombewa siku hiyo, una kura kwa idadi ya viti. Unaweza kuzitumia zote kwa chama kimoja, kuzigawa kwa vyama tofauti, au kutumia moja tu na kuziacha nyingine. Hiyo moja haiharibiki. Kinachoharibu ni kuzidisha: ukiweka alama nne kwenye kata ya viti vitatu, karatasi nzima inakwenda na maji.

Inawezekanaje chama kipate thuluthi ya kura na kuzoa viti vyote vya kata?

Kwa sababu anayeongoza ndiye anayechukua, hata kama hakufika nusu. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kata ina wapiga kura elfu moja na viti vitatu. Mia nne wanachagua wagombea wote watatu wa chama A, mia tatu na hamsini wa chama B, mia mbili na hamsini wa chama C. Wagombea wa A wanapata mia nne kila mmoja, na wote watatu wanaingia. Watu mia sita hawakuwataka, lakini mia sita hao waligawanyika.

Ndiyo maana vyama vidogo mara nyingi hukubaliana kimyakimya kutosimamisha mgombea dhidi ya mwenzao. Na ndiyo maana mimi humwambia kila anayeniuliza: ukitaka kujua nani ana nguvu, hesabu viti, ukitaka kujua watu wanataka nini, tafuta kura. Gazeti linalokupa kimoja bila kingine limekupa nusu ya habari.

## Nani anapiga kura

Mimi ni raia wa Kenya (au Tanzania, Uganda, Rwanda). Sina uraia wa Uingereza. Naruhusiwa?

Ndiyo. Hili ndilo swali ninaloumia nalo kuliko yote, kwa sababu kila mwaka nakutana na mtu aliyekaa miaka kumi akilipa kodi ya halmashauri bila kujua kwamba ana kura.

Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola aliye na ruhusa halali ya kuishi Uingereza, au asiyehitaji ruhusa hiyo, anaweza kujiandikisha na kupiga kura akishafika miaka 18. Si lazima iwe ruhusa ya kudumu. Hata viza ya masomo au ya kazi inatosha. Kenya, Tanzania na Uganda zimo kwenye Jumuiya tangu enzi za uhuru, Msumbiji iliingia 1995 na Rwanda 2009. Wala haki hii haiishii kwenye udiwani: inafika mpaka uchaguzi wa bunge.

Raia wa Kongo, Burundi au Oman asiye na uraia mwingine hana haki hiyo, kwa sababu nchi hizo hazimo. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya wana masharti yao, na tangu Mei 2024 yanategemea walihamia lini na nchi gani wametoka.

Kujiandikisha hufanywa kwenye mtandao wa serikali, na utaombwa namba yako ya bima ya taifa. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Usingoje mabango ya wagombea yaanze kuonekana.

Pasipoti ya Kenya au Tanzania inakubalika kituoni?

Inakubalika. Tangu Mei 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha ukipiga kura kituoni, na pasipoti ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola imo kwenye orodha. Hata ikiwa imepita muda wake, inafaa ilimradi picha bado inafanana nawe. Leseni ya udereva ya Uingereza inafaa, na pasi ya basi ya wazee pia. Nakala, au picha uliyopiga kwa simu, hairuhusiwi.

Asiye na chochote anaweza kuomba cheti maalumu cha mpiga kura, bila malipo. Mwaka wa kwanza wa sheria hii watu wapatao 14,000 walifika vituoni wakarudishwa kwa kukosa kitambulisho, wala hawakurudi tena. Kwa udiwani, ambako kiti huweza kuamuliwa kwa kura chini ya kumi, idadi hiyo si ndogo hata kidogo.

Nasoma mji mmoja, nyumbani kwetu ni mji mwingine. Nipige wapi?

Mwanafunzi anaweza kujiandikisha kote kuwili, na kama ni halmashauri mbili tofauti, anaweza kupiga kura za madiwani kwenye zote mbili. Kwenye uchaguzi wa bunge ni mahali pamoja tu.

Naweza kugombea?

Hapa masharti yanabana zaidi. Raia wa Jumuiya ya Madola anayetaka kugombea lazima awe na ruhusa ya kuishi isiyo na kikomo, au awe haihitaji. Zaidi ya hapo, awe na miaka 18 na uhusiano wa kweli na wilaya: ameandikishwa humo, au ameishi, amefanya kazi au amemiliki au kupanga mahali humo kwa miezi 12 mfululizo. Mtumishi wa halmashauri hiyo hiyo haruhusiwi.

Dhamana ya fedha haipo. Wadhamini wanaotakiwa ni wawili tu, walioandikishwa kwenye kata. Zamani walikuwa kumi. Na unaweza kusimama bila chama, jambo ambalo Mtanzania hawezi kulifanya kwao.

## Usiku wa kuhesabu

Nani anahesabu, na nani anamsimamia?

Msimamizi wa uchaguzi huteuliwa na halmashauri, na mara nyingi ni mtendaji mkuu wake. Lakini akishavaa kofia ya usimamizi, hawajibiki kwa madiwani. Anawajibika mahakamani, yeye binafsi.

Kwanza masanduku yanamwagwa mezani na karatasi zinahesabiwa bila kutazama jina, ili kuhakikisha zinalingana na zile zilizotolewa kituoni. Hatua hii huwachosha wageni, wakidhani kura zinahesabiwa na hakuna namba inayotangazwa. Kisha ndipo kura zenyewe. Kwenye kata ya madiwani wengi, karatasi zilizopigwa chama kimoja tupu hufungwa mafungu. Zile zilizochanganya hupangwa kwenye fomu pana, moja ikipishana kidogo na nyingine ili alama zionekane, na kila alama inaandikwa kwenye mstari wa mgombea wake. Kazi hii inakula muda. Kata tatu zilizochanganya sana zinaweza kukuweka mpaka alfajiri, na ndiyo sababu wilaya nyingi siku hizi huhesabu Ijumaa mchana.

Wagombea, mawakala wao na waangalizi wenye kibali husimama upande wa pili wa meza wakitazama. Hawagusi karatasi.

Kura ipi huhesabiwa kuwa imeharibika?

Isiyo na alama ya usalama ya kituo, iliyozidisha idadi ya alama, iliyoandikwa kitu cha kumtambulisha mpiga kura, au isiyoeleweka amemtaka nani. Umeweka alama ya vyema (✓) badala ya msalaba? Inahesabiwa, kama nia yako iko wazi. Zenye utata huamuliwa mbele ya mawakala, moja baada ya moja.

Wakilingana kura?

Kwanza huhesabiwa upya. Mgombea au wakala wake ana haki ya kuomba, na msimamizi anaweza kukataa ikiwa ombi halina msingi, kwa mfano tofauti ni ya mamia. Wakibaki sawa baada ya hapo, inapigwa kura ya bahati, na aliyeangukiwa huhesabiwa kama ameongezewa kura moja.

Hili si jambo la hadithini. Mei 2017, kwenye kata ya South Blyth katika kaunti ya Northumberland, mgombea wa Conservative na wa Liberal Democrats walifungana kwa kura 356 kila mmoja. Walivuta vijiti. Wa Liberal Democrats akashinda, na Conservative wakabaki na viti 33 kati ya 67, pungufu ya kiti kimoja tu kupata wingi. Halmashauri nzima ilikosa mwenyewe kwa kijiti. Nimewasimulia wengi kisa hiki, hasa wale wanaoniambia kura yao moja haina maana.

Matokeo yakishatangazwa, yanaweza kupingwa?

Kwa mahakama tu. Msimamizi akishatamka, hata yeye mwenyewe akigundua kosa la kujumlisha, hawezi kulirekebisha. Kesi hufunguliwa ndani ya siku 21, na anayefungua huweka dhamana ya gharama. Kesi iliyovuma zaidi ni ya Tower Hamlets, London: Aprili 2015 mahakama ya uchaguzi ilifuta ushindi wa meya Lutfur Rahman wa mwaka 2014 kwa vitendo vya rushwa na ukiukaji wa sheria, na kumzuia kugombea kwa miaka mitano. Alirudi na kushinda tena mwaka 2022.

Kata yetu haikupiga kura kabisa, na diwani yupo. Imekuwaje?

Amepita bila kupingwa. Wagombea wakiwa sawa na viti, au pungufu, hutangazwa washindi bila karatasi kuchapishwa. Hutokea zaidi vijijini, na kila nikiliona hunisikitisha.

## Baada ya matokeo

Nani anakuwa kiongozi wa halmashauri?

Wananchi hawamchagui moja kwa moja, isipokuwa mahali pachache penye meya wa kuchaguliwa. Kwenye wilaya nyingi madiwani hukutana kwenye mkutano wa mwaka, wiki mbili tatu baada ya uchaguzi, wakamchagua kiongozi kwa kura. Yeye huunda baraza la watendaji. Pamoja naye hawazidi kumi. Mid Suffolk, 2023, walimchagua Andy Mellen wa Green.

Pasipo chama chenye wingi, kuna njia tatu. Vyama viwili au zaidi vinaungana na kugawana nafasi za utendaji. Au chama kimoja kinaongoza kikiwa na wachache, na kuomba kura za wengine kwa kila jambo. Au halmashauri inaendeshwa kwa kamati zenye wajumbe wa vyama vyote. Kura zikilingana ukumbini, mwenyekiti wa halmashauri ana kura ya pili ya kuamua. Kwa hiyo uenyekiti, unaoonekana ni wa mikufu na sherehe, ghafla unakuwa na thamani.

Diwani wetu kahama chama. Anabaki na kiti?

Anabaki. Watu wa nyumbani hushangaa sana hapa, maana Kenya na Tanzania anayekihama chama kilichompeleka hupoteza kiti. England diwani amechaguliwa yeye kwa jina lake, na anaweza kuhama kesho yake. Hivyo namba za usiku wa uchaguzi si za kudumu. Kama unataka kujua hali ya leo, tazama orodha ya madiwani ya halmashauri yenyewe.

Diwani akifa, akijiuzulu au akipotea?

Kiti kinatangazwa wazi, na wapiga kura wawili wa wilaya wakiandika barua kuomba, uchaguzi mdogo hufanyika. Ikiwa imebaki chini ya miezi sita kufikia uchaguzi wa kawaida, kiti husubiri. Na asiyehudhuria mkutano wowote kwa miezi sita mfululizo bila ruhusa hupoteza nafasi yake.

Chama kipya kimeshinda. Kodi ya halmashauri itashuka?

Usitegemee. Bili moja unayoipokea inagawanywa kati ya kaunti, polisi, wilaya na baraza la kijiji au mji, na sehemu kubwa huenda kaunti. Wilaya, katika miaka ya karibuni, haikuruhusiwa kupandisha sehemu yake zaidi ya asilimia 3 au pauni 5, kutegemea ipi kubwa, bila kuwauliza wakazi kwa kura ya maoni. Daraja la kodi la nyumba yako lenyewe linatokana na thamani yake ya mwaka 1991, na diwani hana mkono hapo.

Waliahidi kuzuia nyumba mpya. Mbona zinaendelea kujengwa?

Ahadi hii ndiyo inayoshinda kata nyingi, na ndiyo ngumu kuliko zote kutimizwa. Kibali kilichokwisha kutolewa hakifutwi kwa sababu chama kimebadilika. Malengo ya idadi ya nyumba hutoka serikali kuu. Mjenzi akinyimwa, hukata rufaa kwa wakaguzi wa kitaifa, na wanaweza kumpa kibali juu ya vichwa vya madiwani. Aidha diwani anayekaa kwenye kamati ya mipango anatakiwa kusikiliza kila ombi bila kuwa ameshaamua. Kwa maoni yangu, mgombea asiyeyaeleza haya mlangoni kwako anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kinachowezekana ni kubadili mpango wa wilaya wa muda mrefu: nyumba ziende wapi, ngapi ziwe za bei nafuu, mkondo wa maji ulindwe vipi. Hiyo ni kazi ya miaka, na hapo kura yako ina uzito kweli.

Matokeo haya yanatabiri uchaguzi wa bunge?

Kwa tahadhari. Wanaojitokeza ni kama theluthi moja ya walioandikishwa. BBC hukadiria kila mwaka kura zingekuwaje nchi nzima ingepiga: 2023 Labour 35, Conservative 26, Liberal Democrats 20 kwa mia, na mwaka uliofuata Labour wakashinda bunge. Upepo ukageuka: Mei 2025 makadirio yaliwapa chama cha Reform UK 30 na Labour 20, na Reform wakachukua halmashauri 10.

Mid Suffolk nayo inaonyesha jambo. Mwaka mmoja baada ya ushindi wa udiwani, Adrian Ramsay wa Green alichukua jimbo jipya la Waveney Valley, ambalo sehemu yake imo ndani ya wilaya hiyo. Madiwani walikuwa wameshabisha hodi kwenye milango hiyo kwa miaka.

Nimesikia halmashauri za wilaya zitafutwa. Ni kweli?

Ndivyo serikali ilivyopanga. Desemba 2024 ilichapisha waraka wa kuondoa ngazi mbili na kuweka halmashauri moja kubwa zaidi katika kila eneo. Suffolk ni miongoni mwa zilizotangulia, na uchaguzi wake wa kaunti wa Mei 2025 uliahirishwa kwa ajili hiyo. Hadi siku ya kukabidhi, madiwani wa wilaya wanabaki na mamlaka yao yote: taka zinazolewa, vibali vinatolewa, na kiti kikiwa wazi, utaratibu ni ule ule wa uchaguzi mdogo nilioueleza juu. Kujiandikisha kwako kwenye daftari hakufutiki kwa mabadiliko haya.